Saa Kumi na Mbili ya Fundi

Kwamba mdogo wangu aliniulizia kabla ya kukata roho, niliambiwa; sikuwapo, kwa hiyo silithibitishi. Ninayoyaandika hapa yalinipata mwenyewe, katika stoo ya karakana moja ya uchomeleaji, Kizota.

Nilikwenda kuchukua msalaba wa chuma wa kaburi lake. Maziko yalikuwa Kibakwe, alasiri ileile, na gari la kukodi lilikuwa likiningoja nje. Fundi alinihakikishia kwamba tarehe zilizochomelewa ni sahihi. Sikutosheka na neno lake. Niliingia stooni nizisome. Nikiwa nimeinama juu ya chuma, kitasa cha umeme kililia nyuma yangu, mlango ukajifunga.

"Fungua," nilisema kupitia nondo za dirisha.

"Mzee wangu, hakifunguki mpaka muda wake. Ndiyo kwanza tumeanza kukitumia leo."

"Muda upi?"

"Nimekiandikia kifungue saa moja asubuhi, kifunge saa kumi na mbili jioni. Na mashine imekubali! Juzi nilijaribu saa ishirini na tano, ikanifokea."

Nilimtaka anitajie tarakimu alizoandika. Akataja: 01:00, kisha 12:00. Ilikuwa saa sita mchana. Mashine, isiyohesabu saa kuanzia macheo kama sisi, ilikuwa imefunga adhuhuri na ingefungua saa saba usiku. Neno la siri la kuirekebisha alikuwa nalo mpwa wake, mwanafunzi wa chuo aliyeandika programu hiyo, naye alikuwa katika mtihani, simu imezimwa. Grenda ya kukatia chuma ilikuwa humo ndani pamoja nami. Soketi ilikuwa nje.

Bati liliwaka juu ya kichwa changu. Dereva alipiga honi, akanyamaza, akapiga tena. Nilipigiwa simu kutoka Kibakwe: kaburi lilikuwa tayari. Nilikaa sakafuni, msalaba magotini, nikaisoma tarehe ya pili mpaka nikachoka kuisoma.

Hatimaye mpwa huyo, binti mdogo, alifika, akihema.

"Shikamoo babu. Nisamehe."

"Marahaba. Mashine yako hukagua nini?"

"Umbo tu, babu. Ruwaza niliyoiandika inataka tarakimu mbili, nukta mbili, kisha tarakimu mbili, isivuke 23:59. Hiyo 12:00 umbo lake halina kasoro."

"Hata mimi sina kasoro, nami nimo ndani. Fungua."

Akabonyeza simu yake, kitasa kikaachia.

Wanasema walinisubiri hadi mchungaji akakataa kungoja zaidi. Hilo ni lao. Nilichokikuta Kibakwe ni tuta la udongo mbichi, na vijana wakikunja maturubai. Msalaba niliusimika kwa mikono yangu. Tarehe zote mbili ni sahihi, nilizikagua.