Jina Ambalo Hakulitamka

Nairobi nilikuwa mwanasheria wa serikali, na London nikawa mwanasheria wa serikali tena, baada ya miaka mitatu ya kupanga mafaili kama karani. Nilijiona mtu kweli. Mama alinipigia suti pasi kila asubuhi, na majirani zetu wa Barking, Wahindi wenzetu waliotoka Kenya na Uganda, waliniita Bwana Serikali. Kazi yangu ilikuwa kupinga rufaa za watu waliokataliwa kuingia nchini, na wengi wao walikuwa wa kwetu.

Siku moja aliletwa mbele ya baraza la rufaa mama mmoja wa Kihindi kutoka Kisumu. Mumewe alikuwa ametangulia, naye alitakiwa kuthibitisha kwamba ni mkewe, maana cheti cha ndoa kilipotea njiani. Kuandika hakujua. Mwenyekiti alimuuliza jina la mumewe. Akavuta mtandio usoni, akanyamaza. Mkalimani, Mwingereza aliyejifunza Kigujarati vitabuni, alirudia swali mara tatu. Yule mama akanitazama mimi, kwani mle ndani ni mimi tu niliyefanana na ndugu zake.

Nilijua. Kwetu, wanawake wa kizamani hawatamki majina ya waume zao. Ni kuwavunjia heshima, na wengine huamini ni kuwapunguzia umri. Mama yangu hakuwahi kulitaja la baba. Sentensi moja yangu ingetosha. Badala yake nikasimama, nikasema, "Mheshimiwa, hata jina la mumewe halijui."

Nikashinda. Mumewe alikuwa akisubiri nje, mkononi ana koti la baridi alilomnunulia mkewe. Alipokwisha kuelezwa yaliyosemwa mle ndani, aliniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, bwana wakili." Nikampita, nikawahi treni. Mkewe alirudishwa kwa ndege wiki ileile.

Baba alipofariki, nilimpeleka mama kuandikisha kifo. Karani, binti mpole, alimuuliza jina la marehemu mumewe. Mama akavuta mtandio usoni, akanitazama. Nikalitamka haraka, kabla karani hajashika kalamu.

Kwenye basi mama alinishika mkono.

"Bora ulikuwepo, mwanangu," akasema. "Bila wewe ningefanyaje?"

Nilitazama dirishani hadi kituo chetu. Sikuweza kumwambia kwamba siku ile nyingine pia nilikuwepo.