Buni za Dinsitu

Dinsitu na Shemsiya waliolewa kijijini Gera mwaka mmoja, katika nyumba mbili zilizotenganishwa na ua wa mianzi. Wote walikuwa wageni pale, na kilichowakutanisha ni kahawa. Leo akikaanga huyu, kesho hukaanga yule. Hawakuitana, harufu ilivuka ua, na mwenzake akaja.

Buni zilikuwa za Dinsitu. Nyuma ya nyumba yake msitu ulianza, na humo mibuni iliota yenyewe chini ya miti mirefu, haikupandwa na mtu. Aliyachuma matunda mekundu tu, akayaanika juu ya kitanda cha mianzi, akiyageuza na kuyafunika jua lilipozidi.

Siku moja mnunuzi alikuja kutoka Jimma mjini. Akaivuta kahawa kwa kijiko kwa sauti, akafumba macho, kisha akaitema kama wafanyavyo waonjaji. Akasema ina harufu ya maua na ndimu, na kwamba ng'ambo wako watu watakaoigombania.

"Kaitema," Shemsiya akanong'ona. "Huyu hakufunzwa na mamake?"

"Nyamaza, atakusikia."

"Na asikie. Kama ni tamu hivyo, mbona haimezi?"

Wakazaa, wakalea, wakazika waume zao. Halafu Nezif, mtoto wa Shemsiya, akamchukua mama yake akaishi naye mjini Adama, ghorofani. Nyumba ikapangishwa kwa mwalimu na mkewe, Hawi, msichana mkimya mnywaji wa chai.

Asubuhi iliyofuata Dinsitu alikaanga kama ada, akatwanga, akachemsha. Moshi ukavuka ua, asije mtu. Kwao kunywa kahawa peke yako ni sawa na kuzungumza peke yako. Aliimwaga kwenye shina la mgomba. Ikawa hivyo msimu mzima: anakaanga kwa sababu mikono imezoea, kisha anamwaga.

Buni mpya zilipokauka, alizifunga kitambaani akapanda basi.

Shemsiya alimkumbatia mlangoni, hamwachii. "Mama wee, umekonda."

"Nitanenepa na nani?"

Dinsitu akawasha mkaa kwenye roshani, akakaanga. Harufu ikashuka ngazi. Jirani wa chini akabisha hodi, wa juu akaja na dada yake, hata sebule ikajaa. Walitia sukari, si chumvi kama ilivyo desturi ya Gera, wakasifu, wakaomba tena. Dinsitu akamimina duru ya kwanza, ya pili, hadi ya tatu, ile ya baraka, akimtazama Shemsiya aliyebanwa upande wa pili wa chumba akicheka na watu ambao Dinsitu hakuwajua. Alikuwa amesafiri siku nzima, na bado hawajaongea lolote la maana.

Wakaja kuongea wakiosha vikombe.

"Hawa huja kila siku?" Dinsitu akauliza.

"Kila siku. Watu wazuri. Kahawa yetu ni ya dukani, naimeza tu ili nikae nao."

"Basi turudi."

"Na wajukuu niwaachie nani?" Shemsiya akafuta kikombe kilichokwisha kukauka. "Mibuni imetoa maua?"

"Imetoa. Msitu mzima mweupe."

Shemsiya akageukia dirishani.

Dinsitu alirudi Gera akiwa na kitambaa kitupu. Alikaanga tena, akamwaga tena, mpaka asubuhi moja Hawi akatokea uani, ameshika shela yake kwa haya.

"Mama, harufu hiyo hainiachi. Leo chai imenishinda kabisa."

"Sasa unasimama nini? Ingia."

Hawi hakuwa na utani, wala hakujua habari za watu. Kikombe cha kwanza alikinywa kimya. Cha pili kilimtoa tabasamu, akaanza kueleza kwao ni wapi, na Dinsitu akawa anaitikia huku macho yake yako kwenye ua.

"Shemsiya, nisogezee chumvi," akasema.

Hawi akasita. Kisha akakisogeza kibakuli taratibu.

"Hii hapa, Mama."

Dinsitu akatia chumvi, akakoroga, akanywa. Hakujisahihisha.