Mawe Niliyobebeshwa Bondeni

Acha niungame. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata kwenda sokoni Nyakoe naaga majirani. Lakini mwanajiolojia, daktari wa mawe kutoka chuo kikuu, alipokuja kuchora ramani ya mawe ya bonde letu, nilijitolea kumbebea mzigo.

Kule mtoni alinieleza kwamba mawe yale ya kijani yalikuwa lava chini ya bahari, yakafinywa na kupikwa na joto la ardhini mpaka yakageuka. Bahari sijawahi kuiona, na kumbe miaka yote nimekuwa nikiikalia nikinawa miguu.

Mawazo hayo mazuri yaliishia kwenye mteremko. Daktari alikuwa ametangulia, nami mgongo ukilia. Nikayamwaga mawe kwenye shamba la chai, nikabaki na mifuko yake yenye namba. Nilipofika kwangu nikaijaza kwa mawe niliyookota nyuma ya jikoni. Jiwe si ni jiwe tu?

Uani kwangu, alikokuwa akinisubiri, daktari alifungua mifuko. Akatoa jiwe jeusi, akalipapasa kwa kidole.

"Hili tulilitoa wapi, ndugu yangu? Kwenye ramani sina kitu kama hiki. Nikikosea hapa, kazi ya mwezi mzima imeharibika."

Nikaonyesha upande wa mto. "Kule chini kabisa, daktari."

Mke wangu akatokea nyuma ya jikoni, sufuria ya maharagwe mikononi.

"Baba Moraa, meko yangu yamebaki na mafiga mawili. La tatu umelipeleka wapi?"

Daktari alitazama masizi kidoleni mwake, kisha akanitazama mimi.