Umefunga, Mama?

Siku tuliyoing'oa robine ya boti yetu tulikuwa wanne ufukweni Rumonge: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, mdogo wetu wa mwisho ambaye ni msichana, na fundi wa injini aliyekuja kwa pikipiki kutoka Minago na sanduku lake la vifaa mapajani. Baba amekufa zamani. Lakini tulivyosimama kuizunguka ile boti, tukiacha nafasi ya mtu mmoja upande wa injini, ungedhani tunamngoja.

Boti ni ya mbao, imenizidi umri. Inabeba watu na madumu ya mawese. Injini yake inapozwa kwa maji ya ziwa, kwa hiyo chini ya tumbo lake pana tundu linalotosha kidole gumba, lililotobolewa kwa kukusudia. Bomba fupi la shaba limekazwa pale, juu ya bomba iko robine, koki ya kufungia maji, na kutoka kwenye robine mpira mweusi unapeleka maji kwenye pampu. Baba alinifundisha haya akinishika kiganja na kukipitisha kila mahali, kama anayemfundisha kipofu.

"Mkono wa robine ukilala sambamba na bomba, maji yanapita," alisema. "Ukikingama, ukalikata bomba, hayapiti. Na jioni usiuamini mpira, mama. Mpira unazeeka, unateleza. Funga robine ndipo uende kulala."

Mama ndivyo alivyoniita, tangu mama yetu alipofariki akimzaa huyu wa mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na ilikuwa Ramadhani. Adhuhuri ya siku hiyo nilijificha nyuma ya ghala la mihogo, nikala kipande kilichochemshwa na kunywa maji mengi. Jioni tulirudi na boti. Baba alishuka kufunga kamba, maji yakamfika kiunoni. Mimi nilibaki ndani karibu na injini, nikisugua meno kwa kidole nisije nikanuka chakula.

Akaniuliza kutoka majini, "Umefunga, mama?"

Nikakitoa kidole kinywani. Nikasema, "Nimefunga, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akanipa mkono nishuke. Tulipanda nyumbani kufuturu, na njia nzima nilikuwa nawaza muhogo tu.

Asubuhi iliyofuata pua ya boti peke yake ilikuwa juu ya maji. Mawimbi yalikuwa yameutikisa mpira ukachomoka, na ziwa likaingia kwa lile tundu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimeulizwa.

Siku sita baba alizamia kufunga kamba kwenye mbao, akiwa na saumu yake. Wavuvi walivuta, boti ikatoka. Kifua chake hakikutoka salama. Alikohoa Iddi nzima, akazidi kukonda, na Iddi ya kuchinja ilimkuta kaburini. Wote waliokuja kumjulia hali aliwaambia neno moja, nami nililisikia nikiwa nyuma ya pazia:

"Mtoto alifunga. Nilimuuliza, akaniambia amefunga. Robine ndiyo mbovu."

Niliacha shule mwaka huohuo, nikaishika boti. Kila jioni mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka saba, alikuja nami ufukweni. Tulichomoa mpira, tukagongomea kizibo cha mti kwenye mdomo wa robine, maana hatukuiamini. Vizibo alivichonga yeye mwenyewe. Robine ilibaki wazi miaka kumi na mitatu, mkono wake umelala sambamba na bomba, na hakuna aliyeugusa. Mara nyingi, nikiwa peke yangu pale chini na injini imezimwa, nilisikia mtu akichezesha maji nje ya ubao, usawa wa kiuno. Sikuwahi kuchungulia.

Sasa, siku hiyo ya kuing'oa, mdogo wangu alikuwa amenunua robine mpya Bujumbura, na ile ya zamani alitaka kwenda kuitupa katikati ya ziwa.

Fundi akauliza, "Na hiki kizibo ni cha nini?"

"Robine inavuja," mdogo wangu akamjibu.

"Nani amesema?"

"Ndiyo iliyomuua baba yetu."

Fundi akaichukua. "Poleni sana. Lakini ngoja niiulize yenyewe."

Aliiloweka kwenye mazuti, ile dizeli ya injini, akaigonga taratibu kwa mpini wa nyundo mpaka mkono ukalegea. Akaifunga. Akaisimamisha wima, akaijaza maji upande wa juu, na kumwambia mdogo wetu wa mwisho aweke kiganja chini. Tulingoja. Nilikuwa nakitazama kile kiganja, nikiomba tone moja tu.

"Kavu," akasema msichana.

"Iko muzima kabisa!" fundi akacheka. "Hii imetoka kwenye meli, kijana. Hiyo mpya yako ndiyo ya bafu."

"Kaka, wamekuuzia ya kuogea!"

Mdogo wangu naye alicheka. Halafu kicheko kikamkatika, akanigeukia mimi dada yake. "Yaya, lakini baba alisema..."

Angeweza kuitupa ziwani bila kuijaribu, nami ningenyamaza hadi kufa. Nikawaambia. "Aliniuliza kama nimefunga. Nilidhani ananiuliza saumu. Na saumu yenyewe sikuwa nayo."

Fundi akainama kutafuta kitu ndani ya sanduku lake, akakitafuta kwa muda mrefu. Mdogo wangu aliokota kizibo mchangani, akakigeuzageuza, akakitia mfukoni. Alikwenda akasimama majini.

Mdogo wetu wa mwisho, ambaye hamjui baba ila kwa kusimuliwa, ndiye aliyeuliza: "Ile siku uliilipa, Yaya?"

"Hapana."

"Miaka yote hii?"

"Nyingine zote ninazokosa nazilipa. Ile hapana."

"Basi funga Alhamisi."

Robine ya zamani tuliirudisha mahali pake. Jioni ya kwanza mdogo wangu alishuka kufunga kamba, mimi nikabaki karibu na injini. Bila kunitazama akaniuliza, "Umefunga?"

Nikaweka kiganja juu ya mkono wa robine. Ulikuwa umelikata bomba.

"Robine nimefunga," nikamjibu.

Alhamisi niliamka mapema, nikala daku, nikakaa kitandani kutia nia. Nia ya saumu ya leo naijua tangu utotoni. Lakini hii ilinipasa niitie kwa ajili ya siku ile, na nilipoifikia ile siku moyoni nilimkuta baba amesimama majini, anangoja nimjibu. Kulipopambazuka nilikuwa sijatia nia, na bila nia kabla ya alfajiri saumu ya kulipa haishiki. Nikanywa chai, nikateremka botini.

Bado nadaiwa siku moja.