Foronya na Kochi la Wifi

Wifi yake Mama Foronya alikuwa na kochi moja la maana, na kwa kochi hilo alijiona kazaliwa peke yake duniani. Lilikuwa la rangi ya maziwa. Mkono wa kulia ulikuwa na alama ya pasi iliyosahaulika, na mgeni akija lazima aelekezwe upande wa pili asije akaiona.

Mama Foronya, mshonaji wa foronya za mito ya makochi, aliingia nyumba hiyo na cherehani yake ya mkono baada ya ndoa yake kuvunjika. Nyumba ilikuwa ya kaka yake, lakini kaka mwenyewe ni wa wale wa kusema "malizaneni wenyewe" na kuwasha redio. Mwenye amri alikuwa wifi, na hakuacha siku ipite bila kumkumbusha kwamba kakaribishwa tu. Mama Foronya alitaka kitu kimoja: chumba chake, chenye mlango wa kufungwa kwa ndani. Watu wa mtaani wanalipa kwa ahadi, kwa hiyo akakata shauri kufungua duka mtandaoni.

Duka gani sasa! Simu ina ufa, vitambaa ni vipande vya kuomba chini ya meza ya fundi suti, na bando ni lile la bei ya chini kabisa, linaloisha picha ikiwa nusu. Kumlipa mpiga picha hakuweza. Alichokuwa nacho ni mwanga wa asubuhi unaopita dirisha la sebuleni na kuangukia kochi. Basi wifi akitoka kwenda saluni, yeye hupanga mito, huegemeza ule mkubwa kwenye alama ya pasi, hupiga picha, huposti. Watu wakaanza kuulizia, na oda za kwanza zikaja.

Aliyemchongea ni uzi mwekundu, mmoja tu, uliobaki juu ya kochi.

"Nani kalala hapa?"

"Hakuna aliyelala, wifi. Nimepiga picha za mito tu."

"Kwa hiyo mimi nimenunua kochi ili wewe upate soko? Bosi wa mtandaoni, huna hata stuli! Kapige picha zako kwenye gunia."

"Nilikuwa napiga haraka haraka, wifi, halafu napafuta..."

"Ukitia tena mguu sebuleni kwangu, hiyo cherehani utaikuta barabarani."

Kaka akawasha redio.

Akapiga kwenye gunia kweli. Alilifua, akalitandaza uani, akapanga mito ile ile, na watu wakapita kama hawaoni. Akabaki na mteja mmoja, hana sura wala jina, anayeagiza kwa mkupuo, anayebana bei mpaka inatoa machozi, na anayetaka mzigo uachwe kwa muuza soda wa kona. Mama Foronya alimpenda mteja huyo. Alimwombea dua, jamani! Alijua huyu ndiye atakayemtoa mle ndani.

Mpaka siku alipokuwa akiperuzi, akakutana na duka lingine. Foronya ni zake, na zile kona alizozizungusha kwa mkono. Bei mara tatu. Zimepangwa kwenye kochi la rangi ya maziwa, na mto mkubwa umeegemezwa mkono wa kulia.

Hasira ilimpanda hadi meno yakagongana. Mwanamke asiyejua kushona hata kifungo! Na dua zote zile! Alishika mkasi, akautazama mlango wa sebule, na ningekuwepo ningemshikia mlango. Lakini akaurudisha mkasi mezani, kwa sababu oda nyingine ilikuwa imeingia, kubwa kuliko zote.

"Sawa, mteja wangu," akajibu.

Safari hii, ndani ya kila foronya, kando ya zipu, alitarizi kwa uzi mwekundu namba yake ya simu na maneno matatu: *Nimeshona mimi mwenyewe*. Anayetia mto lazima ayaone. Wifi hakuyaona, maana picha alikuwa nazo tayari. Mzigo ulitoka kwa muuza soda ukaenda kwa wanunuzi bila yeye kugusa hata zipu moja. Kwake mshono ni kazi ya watu wa uani.

Simu zikaanza kulia. "Wewe ndiye fundi? Kumbe bei yako ni hii?" Wateja wa wifi wakahama mmoja mmoja, hadi mmoja wao akamtumia wifi picha ya ule utarizi, pamoja na matusi.

Wifi alitoka sebuleni akihema. "Mwizi wewe! Umeniibia wateja!"

"Wateja gani, wifi? Kwani una duka?"

Kaka akazima redio. "Duka gani?" akamuuliza mkewe.

Wifi alikwenda uani, akaibeba cherehani, akaibwaga nje ya geti. Sindano ikavunjika. Mama Foronya akamtazama kaka yake, na kaka akatazama viatu vyake. "Malizaneni wenyewe," akasema.

Chumba alikuwa bado hajakipata. Hakulia; hakutaka kumpa wifi raha hiyo. Alijitwisha cherehani, na hapo simu ikalia. Akaipokea pale pale getini, wifi akisikia.

"Ndiyo, duka la foronya... Ndiyo, mwenye duka ni mimi."

Mteja akauliza duka lenyewe liko wapi. Mama Foronya akaitazama barabara, juu na chini.

"Leo linahama," akasema. "Lakini halijafungwa. Agiza tu."