Usimwambie Mnakwenda kwa Bibi

Kila nikipita njia panda ya Makutano naikumbuka siku moja ambayo ningependa niisahau. Nitakusimulia, mwanangu, kwa sababu nasikia na wewe mtoto wako anahamishwa shule mwezi wa kwanza.

Kwanza ujue anayekuambia ni nani. Shule niliacha darasa la nne. Nilianza kwa kubeba marobota ya pamba hapa Bunda, nikabeba mpaka shingo ikawa kama ya dume la kulimia, na leo duka la vifaa vya ujenzi unaloliona karibu na stendi ni langu, na yale mafuso mawili ni yangu. Sikurithi hata jembe. Wenye digrii wananiamkia. Sisemi haya kwa kujisifu sana, kidogo tu, ila uelewe kwamba mtu wa namna hii akikosea, kumwambia ni kazi.

Binti yangu Wegesa alizaliwa na akili ya namna yake. Maneno yake machache, kelele zinamuumiza masikio, na anataka leo iende kama ilivyokwenda jana: kikombe kilekile cha bluu, njia ileile. Alipofika miaka tisa, darasa lake la mahitaji maalumu hapa Bunda likawa limefika mwisho, akapata nafasi shule ya bweni Musoma, upande wa Mwisenge. Mwalimu wake alinifuata dukani.

"Baba Wegesa, huyu usimpeleke siku moja ukamwacha. Apelekwe kwanza akaone, mara tatu, mara nne. Aone choo, aone kitanda, amjue matroni."

Nilimcheka. "Mwalimu, mimi nahamisha saruji ya lori zima wewe hujanywa chai. Mtoto mmoja ndio anishinde?"

Shule ilipofunguliwa nilimwambia Wegesa tunakwenda Butiama kwa bibi. Hakuna mahali alipapenda kama kwa mama yangu. Akaingia garini mwenyewe, akafunga mlango mwenyewe, nikajiona mjanja. Tulipofika Makutano, badala ya kukata kulia kwenda Butiama, nikakata kushoto. Mtoto hajui kusoma kibao, lakini njia ya kwa bibi yake anaijua. Akaanza kugonga kioo kwa kiganja. "Bibi. Bibi. Bibi." Nikamwambia bibi leo yuko Musoma. Aligonga mpaka getini kwa shule. Pale akanishika shati, nikambandua vidole kimoja kimoja, nikamkabidhi kwa matroni, nikaondoka karibu nikimbie. Njiani najiambia atazoea, watoto wote wanazoeaga.

Hakuzoea. Wiki ya tatu walinipigia simu: hali chakula, mchana kutwa amekaa getini na begi lake anaangalia barabara. Nikamfuata. Nikaona dawa ni kumpeleka Butiama kweli, akapumzike. Gari lilipoingia uani kwa mama yangu, Wegesa akagoma kushuka. Alishika mkanda kwa mikono miwili, akalia kilio ambacho hata msibani sijakisikia. Mama alikuja mikono imejaa unga wa muhogo, akamnyooshea, na mtoto akajificha chini ya kiti. Nilikuwa nimemfundisha kwamba kwenda kwa bibi ni kwenda kuachwa.

Mama yangu si mtu wa kelele. Alikaa mlangoni akaniuliza ilikuwaje, nikamweleza yote. Akajipangusa unga mikononi.

"Umetumia jina langu kama mtama wa kukamatia kuku," akasema.

"Mama, nilimhurumia. Ningetaja shule angelia."

"Hukumhurumia. Uliogopa kilio chake. Mwanaume mzima, ulikuwa unabebaga marobota, unaogopa mtoto kulia." Akaangalia lile gari. "Na mimi umeniibia. Huyu alikuwa anakujaga kwangu mbio. Nenda ukanirudishie."

Wegesa alishuka jioni, baada ya mama kumwekea sahani ya viazi kando ya gari na kwenda zake jikoni.

Nikarudi kwa yule mwalimu niliyemcheka. Aliponiona tu akasema, "Saruji imekushinda?"

"Imenishinda, mwalimu. Nifundishe."

Akanipa kazi: kila Jumamosi nimpeleke mtoto Mwisenge na nirudi naye. Kabla ya kuwasha gari namwambia, "Shule, halafu nyumbani." Analia. Nakaa naye mpaka amalize, wateja wanapiga simu, siipokei. Jumamosi ya kwanza tuliishia getini tukarudi. Ya pili tulifika bombani, akachezea maji. Ya tatu matroni alimwonyesha kitanda, akalala kidogo, akaamka haraka kama amekaa juu ya siafu. Nilipiga picha za geti, bomba, kitanda na matroni mwenyewe, tukazibandika ukutani nyumbani, akawa anazigusa kwa kidole kila jioni, moja baada ya nyingine. Kikombe chake kikahamia shule. Na nilipoanza kumwacha, nikisema Ijumaa nakuja, nakuja. Ijumaa moja gari liliharibika, nikapanda basi nimesimama, nikamalizia kwa bodaboda mvua ikininyea, nikafika nimelowa mpaka soksi. Matroni akaniuliza si ningepiga simu tu. Wegesa hapokei simu, nikamjibu.

Ilichukua muhula mzima. Siku moja akanishika mkono hadi bombani, akauachia, akamfuata matroni bila kugeuka. Nilisimama pale nikingoja ageuke. Nisikufiche, nilitamani alie kidogo.

Kwa bibi ilichelewa zaidi. Likizo ya pili ndipo aliposhuka garini bila kuombwa, akaenda kukaa karibu na mama, na mama akajifanya hamuoni, akaendelea kuchambua mchicha huku machozi yanamtoka. Sasa binti ni mkubwa, anafuma masweta, mwaka ujao anahamia chuo cha ufundi. Tumeshaanza kwenda huko kila Jumamosi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza. Mtoto wako mwambie jina la kweli la mahali mnapokwenda, hata kama atalia. Kilio kinaisha, uongo anaubeba. Usimbadilishie vyote kwa mpigo, mwachie kitu kimoja cha zamani mkononi. Mwonyeshe mahali kabla hapajajaa watu. Ukimwambia siku ya kurudi, rudi siku hiyohiyo. Na mwalimu akikufuata kukushauri, muombe akae, umsikilize, hata kama unajua kila kitu kama mimi.

Mungu akupe subira ya miguu na ya mdomo. Akupe walimu wenye moyo. Na mtoto wako popote atakapopelekwa, apakute pana mtu anayemjua jina.