Wiki Tatu Alizoomba Bi Salme

Watu wa Mishomoroni walimjua Bi Salme kwa mambo mawili: vyumba vyake vinne vya kupangisha, na wazimu wake wa mpira wa kikapu. La kwanza halikumshangaza mtu, kwani marehemu mumewe alikuwa na duka la vitambaa mjini na nyumba ndiyo aliyomwachia. La pili ndilo lililowashinda kulielewa. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mjukuu wa watu wa Mji wa Kale, kila Jumamosi akishasali alasiri hujitanda buibui lake akaenda kuketi kwenye ngazi za saruji za Chuo cha Vikwatani, kutazama wasichana wakigombea mpira. Wala hakutazama kwa kimya.

"Ulinzi! Ulinzi, nyie! Mwamwachia nani huyo?"

Hata marefa walikuwa wakimwamkia kabla ya mechi, ili wapunguziwe matusi baadaye.

Alianza miaka kumi na miwili nyuma, bintiye Shaza alipokuwa akiichezea timu ya chuo hicho. Siku ya kwanza alikwenda kwa hasira, ajue ni mchezo gani huo unaomrudisha mtoto wa kike nyumbani na magoti yaliyochubuka. Robo ya kwanza alinuna. Robo ya pili akamuuliza jirani kwa nini yule kapigiwa filimbi. Robo ya nne alikuwa wima, buibui limemteleza begani. Mwaka huo Shaza alicheza mechi yake ya mwisho dhidi ya Chuo cha Magongo, cha kule Changamwe. Zikiwa zimebaki sekunde nne, Vikwatani wako nyuma kwa alama moja, Shaza alipewa mitupo miwili huru. Yote miwili iligonga chuma ikarudi.

Shaza alilia siku hiyo, akaoga, akasahau. Aliolewa Maskati, akazaa, na ukimtajia Magongo leo atakuuliza, "Magongo gani, Mama?" Aliyebaki na ile mitupo miwili ni mamake.

Magongo walikuwa na kila kitu. Walikuwa na uwanja wenye paa, basi lao wenyewe, na kocha aitwaye Bramwel, ambaye hata akiongoza kwa alama thelathini hukunja mikono kama mtu anayengoja foleni benki. Vikwatani walikuwa na uwanja wa wazi wenye nyufa, na kocha Fidel, aliyefundisha ufundi wa mabomba asubuhi na mpira jioni. Tangu siku za Shaza hawakuwahi kuwashinda Magongo, hata mara moja. Kila mwaka Bi Salme husema, "Mwaka huu, inshallah." Na kila mwaka mwezi wa tatu humkuta anarudi nyumbani peke yake, hataki hata kuamkiwa.

Kisha akaja Lavender.

Alikuja na begi moja kutoka Busia, binti wa fundi wa baiskeli, akitafuta chumba cha bei nafuu karibu na chuo. Ilimbidi ainame kuingia mlangoni. Bi Salme alimtazama kuanzia kichwa hadi miguu, akamuuliza kabla hata ya jina, "Wacheza?"

"Nacheza, Mama."

Basi akapewa chumba cha nyuma, chenye dirisha la upande wa upepo, ambacho Bi Salme hakuwa amempangisha mtu tangu Shaza aondoke.

Miaka miwili ikapita hivyo. Lavender alimzoea mwenye nyumba wake, na mwenye nyumba akamzoea. Akisema, "Mama, niko na shida," Bi Salme humkata: "Una shida. Huku hatusemi niko na." Akiitwa alijifunza kuitika "abee", ingawa "abee" yake ilikuwa na ladha ya Busia, na Bi Salme alikuwa akimwita mara nyingine bila haja, aisikie tu. Nyuma ya kalenda ya jikoni Bi Salme aliandika kila mechi: alama alizofunga Lavender, mipira aliyodaka, makosa aliyopigiwa filimbi.

Mwaka huo wa pili mwezi wa pili ulipokuwa ukiisha, Vikwatani walikuwa nafasi ya tano. Timu nne ndizo ziendazo Nakuru kwenye mchujo wa vyuo vya nchi nzima. Zilikuwa zimebaki mechi tatu, na iliwapasa washinde zote. Ya mwisho ilikuwa Magongo, kwao Magongo.

Wiki hiyohiyo Lavender alirudi na barua. Bi Salme alikuwa akichambua mchele barazani.

"Mama, Kocha Bramwel amenipatia nafasi. Watanilipia kila kitu, masomo, bweni, chakula, mpaka nimalize. Na ile kozi ya maabara ambayo hapa hakuna."

Mikono ya Bi Salme ilisimama ndani ya ungo. "Lini?"

"Nireport tarehe tatu. Muhula unaanza."

"Tarehe tatu? Na hizi mechi?"

"Nikienda siwezi kuchezea tena Vikwatani. Ndiyo nakuuliza, Mama. Nifanye aje?"

Baadaye Bi Salme angeirudia dakika ile mara nyingi kuliko alivyowahi kuirudia mitupo ya Shaza. Alikuwa anajua jibu. Mtu yeyote angelijua. Baba wa msichana alikuwa akiuza kuku ili karo itimie. Lakini alipofungua kinywa aliona ubao wa alama wa Magongo, na Bramwel na mikono yake iliyokunjwa, na Lavender akiruka.

"Mwombe akungoje wiki tatu," akasema. "Wiki tatu ni nini? Chuo hakina miguu, hakitatoroka. Umalize na wenzio vizuri, usiwaache njiani. Huo ndio uungwana."

Lavender alimtazama kidogo. Kisha akasema, "Sawa, Mama."

Bramwel hakufurahi, lakini alikubali. "Nakungoja," alimwambia kwa simu. "Ila uje mzima."

Mechi ya kwanza waliwafunga wasichana wa chuo kimoja cha Likoni kwa alama kumi na moja. Ya pili, dhidi ya timu iliyotoka Voi, walishinda kwa shida, na Lavender peke yake alifunga ishirini na sita. Kufikia hapo Ramadhani ilikuwa imevuka nusu. Bi Salme alikuwa akifuturu na kalenda mbele yake, anapiga hesabu za nafasi ya nne kama mtu anayetafuta mwezi mawinguni. Kila usiku wa tarawehe, baada ya kuwaombea wazazi na mumewe, alikuwa akiongeza dua ambayo asingethubutu kumtajia imamu.

Jumamosi ya mechi alikwenda Changamwe amefunga, koo kavu. Uwanja wa Magongo ulikuwa umejaa, na ngoma yao ikidunda tangu mlangoni. Alikaa na mashabiki wachache wa Vikwatani kwenye kona, akaanza kupiga kelele kabla mpira haujarushwa.

Na wallahi, siku ile Vikwatani walicheza. Kila mpira uliorudi kutoka kwenye chuma, mkono wa Lavender ulikuwa juu yake. Robo ya kwanza walikuwa sare. Robo ya pili waliongoza kwa mbili, ya tatu kwa nne. Ngoma ya Magongo ikaanza kupoteza mdundo. Bramwel alikunjua mikono. Bi Salme aliiona mikono ile ikikunjuka, na akahisi kitu kilichokuwa kimembana kifuani miaka kumi na miwili kikilegea.

Zikiwa zimebaki dakika nne, Vikwatani wakiwa mbele kwa alama sita, Lavender aliruka kuudaka mpira. Hakuguswa na mtu. Alishuka, mguu wa kushoto ukatangulia, na goti likapinda kuelekea ndani, upande ambao goti halipaswi kupinda. Akaanguka na mpira mikononi, akapiga ukelele mmoja mfupi.

Uwanja wote ulisimama. Bi Salme naye alisimama. Na hapa ndipo palipo aibu ambayo hakupata kumwambia mtu mpaka leo: jicho lake la kwanza halikwenda kwa msichana. Lilikwenda kwenye ubao wa alama, kuangalia zimebaki dakika ngapi.

Magongo walishinda kwa alama tisa. Hakuuona mwisho wake, alisikia tu. Alikuwa ndani ya teksi, kichwa cha Lavender pajani pake, akimfuta jasho kwa pindo la mtandio. Magharibi ilimkuta kwenye ukumbi wa hospitali. Muuguzi mmoja alimpa kikombe cha maji na tende moja. Aliyanywa maji. Tende ilibaki mkononi mpaka ikamnata vidole.

Daktari alisema kano ya goti imekatika. Atahitaji kupasuliwa. Kuruka, pengine baada ya mwaka, pengine baada ya mwaka na nusu. Pengine la.

Siku ya nne Bi Salme alimpigia Bramwel mwenyewe. Alijitambulisha, akaomba, akasema maneno ambayo maishani mwake hakudhani angemwambia mtu wa Magongo.

"Mama," Bramwel alijibu polepole, "nafasi ile ilikuwa ya mchezaji. Kama angekuja tarehe tatu angekuwa ameshaandikishwa, na aliyeandikishwa akiumia chuo humtunza. Lakini hakuandikishwa. Nimeuliza juu na chini. Wameshampa mwingine. Naomba usinione mtu mbaya."

"Sikuoni mtu mbaya," alisema Bi Salme. "Laiti ningekuona."

Vikwatani nao walikuwa wakimsamehe Lavender nusu ya karo kwa sababu ya mpira. Mpira haukuwepo tena, na matibabu yalikuwa yanangoja. Babake alisema kwa simu kwamba anakuja kumchukua. Bi Salme alimwambia Lavender akae, chumba ni chake, asilipe kitu.

"Nikae nifanye nini, Mama?" Lavender aliuliza. Hakuuliza kwa uchungu. Alikuwa ameketi kitandani, mguu umenyooshwa, akikunja nguo zake moja moja.

Bi Salme aliketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri. "Mwanangu, siku ile ulipokuja na barua, nilikwambia uungwana. Haukuwa uungwana. Nilitaka tuwafunge Magongo. Sikukufikiria wewe hata kidogo."

Lavender aliendelea kukunja. Jezi nyekundu ya Vikwatani aliikunja mara nne, akaiweka chini kabisa ya begi.

"Nilijua, Mama," akasema. "Hata siku ile nilijua."

"Basi kwa nini ukanisikiza?"

Msichana aliinua mabega, kama mtoto aliyeulizwa kwa nini amevunja sahani. "Hakuna mtu mwingine alikuwa anakuja kunitazama."

Bi Salme alingoja aongeze neno, la kumsamehe au la kumlaani, lolote. Lavender alifunga zipu ya begi.

Nicanor, baba yake, alifika siku iliyofuata baada ya safari ya usiku kucha. Alikuwa mtu mwembamba, mrefu kama bintiye, mwenye mikono iliyoingia weusi wa mafuta ya minyororo. Alikataa kuketi kwenye kiti cha kitambaa kwa hofu ya kukichafua. Alipokwisha kumsaidia bintiye kushuka kizingiti na mikongojo yake, alirudi ndani, akavua kofia.

"Mama, Mungu akubariki," alisema. "Tuko mbali, hatukuwa na uwezo wa kumwangalia. Lakini alikuwa anatuambia, niko kwa mama mmoja hapa, ananichunga kama wake. Hata ile mambo ya chuo kingine, alisema ni wewe ulimshauri. Hatuna kitu cha kukulipa."

Alikuwa anaamini kila neno. Bi Salme alifungua kinywa amwambie, amwambie wazi, amkanye asimshukuru. Lililotoka ni, "Safirini salama, baba." Aliwapa kikapu cha mikate ya mofa na tambi za njiani, akasimama mlangoni mpaka walipokata kona, Nicanor akipunguza hatua zake ndefu ili alingane na mikongojo.

Lavender alipasuliwa mwezi wa tano huko kwao. Mwanzoni Bi Salme alimpigia kila Ijumaa. Msichana alijibu kwa adabu: goti linaendelea, mvua imenyesha, anamsaidia mamake kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kuhusu kurudi masomoni alisema, "Tutaona." Baada ya miezi kadhaa simu zikawa za wiki mbili, kisha za mwezi. Chumba cha nyuma akampangisha karani wa kiwanda cha saruji, mtu mtaratibu asiyejua kikapu ni nini zaidi ya kile cha sokoni.

Msimu mpya ulipoanza, Kocha Fidel alikuja kubisha hodi. Alisema wasichana wanamuuliza. Alisema ngazi ziko wazi bila yeye, na kwamba mwaka huu wana mchezaji mmoja kutoka Taveta, mwepesi kama swala, na Magongo wamepungukiwa.

"Mwaka huu, Bi Salme, tunao," alisema Fidel.

"Inshallah," alijibu, akamkaribisha chai. Hakwenda mechi ya kwanza, wala iliyofuata. Jumamosi baada ya alasiri alikuwa akijitafutia kazi: kuosha mazulia, kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa, kumtembelea jamaa aliyekuwa hata hampendi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, jua likiwa linashuka, simu ililia. Ilikuwa namba ya Busia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu! Hujambo? Goti?"

"Goti liko hivyo tu. Mama, leo si walicheza na Magongo? Ilikuwa ngapi?"

Bi Salme alishika simu kwa mikono miwili. "Sijui," akasema. "Sikwenda."

Upande wa pili akasikia kuku, na sauti ya mtu akibembeleza bei ya samaki.

"Hukuenda," Lavender alirudia. Halikuwa swali; alilitamka kama mtu aliyesikia kwamba hata kile alichoumia kwa ajili yake kimeachwa. Kisha akasema kuna mteja, akaaga.

Bi Salme aliendelea kuketi barazani. Alipita mpangaji wake wa chumba cha nyuma, akamwamkia, naye hakumsikia. Kijana wa jirani alipita amevaa fulana nyekundu ya Vikwatani, akitoka mechini, na uso wake ungeweza kusema walishinda au walishindwa. Bi Salme aliinamisha macho asiuone.